Barua ya wazi kwa viongozi wa Pac-12: kabla ya mwaliko unaofuata, itazameni ramani

Kwa Mheshimiwa Kamishna Teresa Gould,
na Waheshimiwa Marais wa vyuo vikuu wanachama wa ligi ya Pac-12.

KUH: MIALIKO YA VYUO VIPYA KATIKA LIGI

Waheshimiwa,

Tarehe 8 Aprili 1978, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State aitwaye Henry Rono alikimbia mita 5,000 huko Berkeley, California, kwa dakika 13 na sekunde 8.4, akaivunja rekodi ya dunia. Mwezi uliofuata alikuwa Seattle, na huko akaivunja rekodi ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Nyingine mbili alizivunja Ulaya, katika miji ya Vienna na Oslo, zikatimia rekodi nne kwa siku 81. Kwetu sisi hadithi hii husimuliwa kama hadithi ya mapafu na milima ya Nandi, na ni nadra kumsikia mtu akitaja kwamba nusu yake ilitokea katika miji ya majirani wa chuo chake, wanachama wenzake wa ligi iliyokuwa bado ikiitwa Pac-8, ambao walijuana kama watu wa kata moja. Leo Berkeley inashindana katika ligi ya pwani ya Atlantiki, Seattle iko katika ligi ya Big Ten pamoja na vyuo vya Ohio na New Jersey, na Pullman, alikosoma Rono, imebaki ikililinda jina la ligi. Rono mwenyewe alifariki Februari 2024, miezi michache tu kabla wenyeji wake wa zamani hawajatawanyika rasmi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari katika kaunti ya Uasin Gishu. Katika miaka ya tisini nilikimbia mbio za nyika kwa miaka minne katika chuo kimoja cha magharibi ya Marekani ambacho hakikuwa na jina kubwa, na tangu niliporudi nimekuwa nikiwasaidia vijana wanaotafuta ufadhili wa masomo kwa njia ya riadha. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ningependa wazazi wa vijana hao nao waisome barua hii, maana wao ndio wanaoniuliza swali ambalo siku hizi linanishinda: mtoto wangu akitia saini leo, chuo hicho kitakuwa katika ligi gani atakapofika mwaka wa tatu, na mchezo wake utakuwa bado upo?

Kwa wasomaji ambao hawajafuatilia mambo haya, nitaeleza kwa ufupi. Vyuo vikuu vya Marekani hushindana ndani ya miungano ambayo hapa ninaiita ligi, na ligi ndiyo inayouza haki za matangazo ya televisheni kwa niaba ya wanachama wake. Bidhaa inayouzika hasa ni futiboli ya Kimarekani, na kwa mbali kidogo mpira wa kikapu wa wanaume. Ligi yenu iliasisiwa mwaka 1915 jijini Portland, ikabadilisha jina mara kadhaa, na kufikia mwaka 2011 ilikuwa na vyuo 12. Tarehe 30 Juni 2022, USC na UCLA, vyote vya Los Angeles, vilitangaza kwamba vinahamia Big Ten, na wiki chache baadaye Big Ten ikatangaza mkataba wa matangazo wa miaka saba unaozidi dola bilioni 7. Colorado ikajiondokea Julai 2023. Tarehe 4 Agosti mwaka huo mlipoteza vyuo vitano kwa siku moja, viwili vikaenda Big Ten na vitatu Big 12, na tarehe 1 Septemba Stanford na Berkeley vikapata hifadhi katika ACC, ile ligi ya pwani ya Atlantiki. Vikabaki viwili tu, Washington State na Oregon State. (Msomaji asishangae akihesabu: Big Ten sasa ina vyuo 18 na Big 12 ina 16. Majina hayo yaliachana na hesabu zamani.)

Wengi wetu tuliwahurumia waliobaki. Walikwenda mahakamani katika jimbo la Washington kuwazuia waliokuwa wakiondoka wasiendelee kuamua hatima ya ligi wanayoihama, nao wakashinda, na kwa maoni yangu walistahili kushinda. Msimu wa 2024, ligi jirani ya Mountain West ndiyo iliyowapa mechi za futiboli wakati walipokuwa karibu kukosa ratiba kabisa. Kisha Septemba ya mwaka huohuo, msimu ukiwa ndiyo kwanza umeanza, Pac-12 ikatangaza kwamba imevichukua Boise State, Colorado State, Fresno State na San Diego State kutoka hiyohiyo Mountain West, na baada ya muda mfupi Utah State ikafuata. Mkataba wa mechi zile ulikuwa na faini kwa kila chuo kitakachonyakuliwa, ikianzia dola milioni 10 na kupanda kwa nusu milioni kwa kila anayefuata, yaani dola milioni 55 kwa vyuo vitano. Mkarudi mahakamani, safari hii kudai kwamba faini mliyoitilia saini ni kinyume cha sheria.

Mimi si mwanasheria, na huenda hoja mnayo. Ninachokikumbuka ni jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka 1996 ligi ya WAC iliongeza wanachama hadi wakafika 16. Ilikuwa ni ligi iliyotandazwa kutoka visiwa vya Hawaii hadi Tulsa katika jimbo la Oklahoma, na mantiki yake ilikuwa ileile tunayoisikia leo, kwamba ukiwa na miji mingi una televisheni nyingi. Haikudumu. Gharama za safari zilipanda, majirani wa miaka mingi wakaacha kukutana kila msimu, na mwaka 1998 vyuo vinane vikakubaliana kujitoa na kuunda Mountain West, iliyoanza kucheza mwaka 1999. Colorado State na San Diego State walikuwa miongoni mwa waliojitoa. Fresno State ilikuwa miongoni mwa walioachwa. Leo hao watatu wanakaa meza moja, meza yenu, na sidhani kama yupo aliyesahau nani alimwacha nani.

Mwingine aliyeachwa mwaka ule ni Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, UTEP. Jina hilo huenda halimwambii kitu mnunuzi wa haki za matangazo, lakini kwa Mtanzania yeyote anayejua riadha hicho ni chuo cha Suleiman Nyambui, aliyekuwa bingwa wa vyuo wa mita 10,000 kwa miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na aliyetwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Emmanuel Korir wetu, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 huko Tokyo, naye alipitia hapo. Kutoka WAC chuo hicho kilihamia ligi ya Conference USA mwaka 2005, na sasa, mwaka 2026, kinaingia Mountain West ili kuziba pengo mliloliacha ninyi. Kimezunguka miaka 28 hadi kukaa na wale waliokiacha, nao nusu yao wakiwa wameshaondoka.

Ninayataja haya kwa sababu mialiko ya aina hii ina tabia ya kuzaa mingine. Sheria ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inaitaka ligi ya daraja la juu la futiboli iwe na wanachama kamili wasiopungua wanane, nanyi mlipewa miaka miwili kuwatafuta. Mliwaendea Memphis, Tulane, South Florida na UTSA mnamo Septemba 2024, wote wakachagua kubaki walikokuwa. Tarehe 30 Juni 2025 mkampata wa nane, Texas State, kutoka mji wa San Marcos. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sina neno baya juu ya Texas State, ambayo ilifanya lile ambalo chuo chochote katika nafasi yake kingelifanya. Lakini kutoka Pullman hadi San Marcos ni takriban kilomita 2,500 hata kama ndege ingeruka moja kwa moja, na hakuna ndege ya abiria inayoruka moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili midogo. Ni kama kuitoa timu ya voliboli Nairobi ikacheze Kinshasa siku ya Alhamisi, kisha mtegemee wachezaji wawe darasani Ijumaa.

Wanaohesabu wataniambia kwamba hiyo si kitu mbele ya Big Ten, ambako kutoka UCLA hadi chuo cha Rutgers, New Jersey, ni karibu kilomita 3,900, na watakuwa wamesema kweli. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Anayejifananisha na mwenye bilioni 7 katika umbali bila kujifananisha naye katika mapato anajitafutia deni. Mikataba yenu na vituo vya televisheni vya CBS, The CW na USA Network ni hatua nzuri kwa ligi ambayo mwaka 2023 ilikuwa imeshaandikiwa tanzia, lakini haimfanyi yeyote kati yenu kuwa Ohio State.

Sasa nirudi kwenye riadha, kwa sababu najua mkurugenzi wa michezo makini atanirekebisha hapa. Riadha haina mechi za ligi za kila wiki. Timu ya mbio za nyika huchagua mashindano yake yenyewe, hukutana na ligi nzima mara moja tu katika msimu, na mkimbiaji anaweza kumaliza mwaka bila kujali sana jirani yake kwenye jedwali ni nani. Ni kweli. Umbali humfikia mkimbiaji kwa mlango wa nyuma, kupitia bajeti. Voliboli, besiboli, soka ya wanawake na mpira wa kikapu ndivyo vinavyosafiri kila wiki. Safari zao zikirefuka gharama hupanda. Na gharama zikipanda, mhasibu hutafuta mchezo usiouza tiketi. Tangu mahakama ilipoidhinisha maafikiano ya kesi ya House, iliyohusu malipo ya wanamichezo wa vyuo, tarehe 6 Juni 2025, vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, na fedha hizo haziendi kwenye mbio za nyika. Huenda kwenye futiboli, na gharama hubebwa na michezo mingine.

Mwezi huohuo Washington State, chuo cha Rono, cha Samson Kimobwa aliyeivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977, cha Julius Korir aliyeshinda dhahabu ya Los Angeles mwaka 1984, na cha Bernard Lagat, kilitangaza kwamba kinaondoa michezo ya kuruka na kurusha na kupunguza nafasi za mbio fupi, ili nguvu ielekezwe kwenye mbio za masafa marefu. Wapo jamaa walionipigia simu kunipongeza, kana kwamba Wakenya tumeshinda kitu. Sikuona cha kupongezwa. Timu ya riadha iliyokatwa nusu leo ni rahisi zaidi kuikata nusu iliyobaki kesho, na mrusha mkuki wa Washington aliyeachwa bila timu ni mwanafunzi kama Mkenya.

Kuna jambo moja la vijana wetu ambalo nina hakika halimo katika hesabu zenu. Mwanafunzi wa Kimarekani ambaye safari zimemzidi huhamishia masomo yake kwenye intaneti na kusoma hotelini. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa kanuni za uhamiaji zinamtaka asome kwa muda kamili, na katika hesabu hiyo ni somo moja tu la intaneti linalokubaliwa kwa muhula. Lazima awe darasani. Kila safari mnayoiongeza kwenye ratiba, yeye huilipa kwa vipindi asivyovihudhuria, na hata zile fedha za matangazo ya biashara ambazo wenzake wanazipokea kwa jina na sura zao, kwake zimezingirwa na masharti yaleyale ya viza. Nilimwona kijana mmoja niliyemsaidia mwenyewe kujaza fomu, akaenda katika chuo ambacho sitakitaja, na mwaka wake wa kwanza haujaisha ikatangazwa kwamba chuo kinahama ligi. Kocha aliyemwita aliondoka kabla ya uhamisho. Wa pili akampunguzia ufadhili. Alimaliza masomo, namshukuru Mungu, lakini kwa harambee ya kijiji.

Waheshimiwa, siwaombi mrudishe mwaka 1978. Ninachowaomba ni kitu ambacho tayari mmekifanya mara moja, bila kukipigia tarumbeta. Tarehe 1 Oktoba 2024 mliikaribisha Gonzaga, chuo kisicho na timu ya futiboli kabisa. Wengi walikiona kama ununuzi wa timu ya mpira wa kikapu, na pengine ndivyo kilivyokuwa. Lakini tazameni ramani: Gonzaga iko Spokane, kilomita 120 hivi kutoka Pullman, kama Eldoret hadi Kisumu. Timu yake ya mbio za nyika inaweza kuja Pullman kwa basi asubuhi, ikashindana, ikarudi kula chakula cha jioni nyumbani. Bila kukusudia, mlifungua mlango wa pili.

Mlango huo uacheni wazi. Futiboli iwe na wanachama wake, hata kama wengine watatoka Texas au mbali zaidi, kwa sababu futiboli husafiri mara chache katika msimu, kwa ndege ya kukodi, na mapato yake yanailipa ndege hiyo. Michezo mingine yote iwe na ligi ya jirani, na mwaliko wa michezo hiyo utolewe kwa kipimo cha basi. Si jambo geni. Chuo cha Notre Dame kinacheza futiboli bila ligi na michezo mingine karibu yote katika ACC. Chuo cha Jeshi la Nchi Kavu na kile cha Jeshi la Majini vina futiboli katika ligi moja na michezo mingi katika ligi nyingine, na dunia haijapinduka. Hata Mountain West, mliyoitoboa, imeichukua Northern Illinois kwa futiboli tu kuanzia 2026 na kuiacha michezo yake mingine mingi icheze karibu na nyumbani katika Horizon League. Miaka miwili ile ya upweke, Washington State na Oregon State walipeleka michezo yao mingi katika ligi ya West Coast Conference kama wageni, na sijasikia kwamba wanafunzi wao waliteseka kwa hilo.

Ligi kubwa nne (Big Ten, Big 12, ACC na SEC) zitapata shida kuwafanyia hivi wanachama wao wote, kwa sababu mikataba yao imefunga mengi pamoja. Madhara yake nayo yameanza kuandikiwa hundi: bodi ya Chuo Kikuu cha California imeiamuru UCLA iilipe Berkeley dola milioni 10 kwa mwaka kufidia hasara ya kuhama, yaani mtoto mmoja wa nyumba anamlipa mwenzake kwa kuwa alihama na kiti cha sebuleni. SMU, chuo cha Texas, kwa upande wake ilikubali kukaa miaka tisa bila mgao wa fedha za matangazo ili mradi iingie ACC. Ninyi mnajenga upya tangu msingi, mkiwa na vyuo tisa, na kanuni zenu bado ni mbichi. Ni sasa au ni baada ya miaka mingi.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu, nayo yote yako ndani ya uwezo wenu. Kabla ya kutoa mwaliko wowote mwingine, tangazeni hadharani umbali na makadirio ya gharama za safari kwa michezo isiyo futiboli, chuo kwa chuo, kama mnavyotangaza mapato. Wekeni katika katiba ya ligi daraja la uanachama wa michezo isiyo futiboli, lililo wazi kwa vyuo vya kaskazini magharibi na milimani, ili Gonzaga isibaki kuwa mfano wa pekee. Na kila chuo mnachokialika kitamke kwa maandishi kwamba ufadhili wa mwanamichezo aliyekwisha kutia saini hautapunguzwa kwa sababu ya uhamisho huo hadi atakapomaliza shahada.

Kuhusu deni la Mountain West, lipeni mtakachoamriwa au mtakachokubaliana, na mkilipe mapema. Humo ndimo waliko UTEP, Hawaii, New Mexico na wengine ambao vijana wetu wamekuwa wakienda kwa miaka mingi, na kila dola inayokwama kwa mawakili ni dola isiyofika kwenye nyumba ya wachezaji.

Nina wasichana wawili wa kidato cha nne ambao wamepata barua kutoka kwa makocha wa vyuo vya magharibi, mmoja kutoka chuo kilichomo katika ligi yenu. Wazazi wake watakuja kuniona mwezi wa Novemba kabla hajatia saini. Mkinijibu kabla ya hapo, nitawasomea jibu lenu kama lilivyo.

Wenu katika michezo,

Mwalimu na mkimbiaji wa zamani,
Uasin Gishu, Kenya